Yakitori kwa mgeni: kuingia, kuagiza na kula kwenye mgahawa mdogo wa mishikaki ya kuku Japani

Mgahawa wa kawaida wa yakitori una viti kumi hivi, jiko moja refu na jembamba la mkaa, na mtu mmoja anayechoma. Karibu kila desturi itakayokushangaza pale inatokana na ufinyu huo, iwe ni kutozwa kisahani ambacho hukukiagiza, au jirani yako kuagiza mishikaki miwili miwili wakati ana njaa ya mishikaki kumi. Jikoni hapana nafasi, vitini hapana nafasi, na kuku aliyetoka motoni ana dakika chache tu kabla hajapoa. Ukilishika hilo hutahitaji kukariri kanuni nyingi.

Nawaandikia ndugu walioko Japani kwa masomo, kwa mafunzo ya JICA (shirika la misaada la serikali ya Japani), kwa biashara ya magari au kwa matembezi tu, ambao wamepita mara nyingi mbele ya milango hii midogo, wakanusa, wakasita, kisha wakaishia kula hambaga. Waislamu nawaomba waanzie hatua ya 2.

Hatua ya 1: Chagua mlango

Ishara ni taa nyekundu ya karatasi iliyoning'inizwa nje, na maandishi やきとり au 焼鳥. Angalia herufi ya mwisho vizuri: やきとん ni duka la nguruwe, na kwa mbali maandishi hayo mawili yanafanana sana.

Kuna madaraja matatu. La chini ni la makampuni yenye matawi mengi, kama Torikizoku iliyoanzia Osaka mwaka 1985, ambako kila kitu ni bei moja na menyu ina picha. Pazuri kwa mwanafunzi, na hakuna wa kukudharau. La juu ni lile ambalo hupewi menyu kabisa. Unakaa, mpishi anakuletea anachotaka, na unatoka umeacha yeni 8,000 au zaidi, baada ya kuhangaika kupata nafasi kwa wiki kadhaa. Ninalokushauri uanzie ni la katikati: mgahawa wa mtaani, karibu na stesheni ndogo ya treni, wenye mzee au kijana mmoja jikoni. Mshikaki ni yeni 150 mpaka 300, na jioni nzima pamoja na vinywaji viwili mara nyingi ni yeni 3,000 hadi 5,000.

Vichochoro maarufu, kama Omoide Yokocho magharibi mwa stesheni ya Shinjuku au vile vilivyo chini ya reli pale Yurakucho, vinapendeza kwa picha. Kwa chakula, mtaa wa kawaida utakupa zaidi kwa pesa ileile. Na popote utakapokuwa Shinjuku au Shibuya, kijana akikufuata barabarani na menyu ya plastiki akikuahidi punguzo, endelea kutembea. Mgahawa mzuri wa viti kumi hauhitaji mpigadebe.

Nenda saa kumi na moja na nusu jioni, siku ya kazi. Mingi hufungua saa kumi na moja, na ikifika saa moja wafanyakazi wa maofisini wameshajaza viti. Jumapili mingi hufungwa.

Hatua ya 2: Kama huli nguruwe, au hugusi pombe

Mgahawa wa kawaida wa yakitori si wa halali, hata kama menyu nzima ni kuku. Habari ya kuchinja unaijua. Kuna na habari ya chungu cha sosi. Mishikaki huchomwa kwa njia mbili, ya chumvi au ya sosi inayoitwa tare, na sosi hiyo hupikwa kwa sosi ya soya, sukari, mirin (kiungo kitamu cha mchele) na sake (pombe ya mchele). Hivyo viwili vya mwisho vina pombe. Mchomaji huchovya mishikaki yote katika chungu kilekile: paja, ini, na nguruwe kama anauza nguruwe. Na chungu hakimwagwi. Sosi mpya huongezwa juu ya ya zamani mwaka hadi mwaka, na wapo wanaojivunia umri wa sosi yao. Mishikaki ya chumvi nayo usiiamini moja kwa moja, kwa sababu wachomaji wengi huipulizia nyama sake kidogo kabla ya kunyunyiza chumvi. Kwa hiyo ukimwambia mhudumu hutaki pombe atakuletea chai, lakini chungu kitabaki kilekile.

Njia ya salama ni kutafuta migahawa ya halali, ambayo ipo katika miji mikubwa kama Tokyo, Osaka na Kyoto. Andika ハラール 焼き鳥 kwenye ramani ya simu. Kisha uliza mambo mawili: wana cheti cha nini, na kama wanauza pombe, maana wapo wanaotumia nyama ya halali huku bia inaendelea kumiminwa. Kama hilo la pili halikusumbui, sawa. Kama linakusumbua, ujue mapema kabla hujavua koti.

Msabato, au yeyote ambaye shida yake ni nguruwe tu, ana kazi nyepesi zaidi, mradi aijue herufi 豚. Ukiiona, ni nguruwe. Neno バラ (bara) kwenye menyu ya mishikaki karibu kila mara ni nyama ya tumbo la nguruwe, na mboga zilizoviringishwa ndani ya kitu chembamba chenye rangi ya waridi zimeviringishwa kwa bekoni. Halafu kuna miji ambayo jina la yakitori halikuhakikishii kuku hata kidogo. Muroran, kule Hokkaido, yakitori yao ni nguruwe na kitunguu maji, huliwa na haradali. Higashimatsuyama, katika mkoa wa Saitama, ni nyama ya kichwa cha nguruwe inayopakwa miso (rojo la soya iliyochachushwa) yenye pilipili. Fukuoka kuku wapo tele, ila mshikaki wa tumbo la nguruwe ni wa kawaida kama maji. Sababu ni ya historia: zamani kuku alikuwa ghali, vibanda vya watu wa kipato cha chini vikachoma matumbo na mabaki ya wanyama wengine. Ufugaji wa kuku wa nyama uliposhika kasi kuanzia miaka ya 1960, ndipo kuku akawa chakula cha kila mtu.

Sentensi ya kukariri: *Butaniku wa taberaremasen*, yaani siwezi kula nguruwe. Iseme unapokaa, kabla ya kuagiza chochote.

Hatua ya 3: Ingia

Sogeza mlango pembeni, usiusukume. Mingi ni ya kuburuta. Simama hapo hapo mlangoni, inua vidole kuonyesha mko wangapi. *Hitori desu* ni mmoja, *futari desu* ni wawili. Zaidi ya wanne bila kupiga simu kabla, usishangae mkionyeshwa mikono iliyopishanishwa kama alama ya kuzidisha. Hawajawachukia. Viti ndiyo hivyo.

Kama uko peke yako au mko wawili, omba kaunta, mbele ya jiko. Begi liweke kwenye kikapu chini ya kiti, au miguuni. Koti zuri usilivae siku hiyo, maana litanuka moshi mpaka kesho kutwa. Moshi wa sigara ni suala jingine: tangu Aprili 2020 sheria imepiga marufuku kuvuta sigara ndani ya migahawa, ila midogo iliyokuwepo kabla ya hapo ilipewa msamaha na inatakiwa kubandika tangazo mlangoni. Palipo na ruhusa ya kuvuta, mtu wa chini ya miaka 20 haruhusiwi kuingia, kwa hiyo mwenye watoto asome mlango kwanza.

Hatua ya 4: Kinywaji, halafu kisahani

Utapewa taulo dogo lenye unyevu. Ni la mikono, si la uso wala shingo, ingawa utaona wazee wakijipangusa uso mzima bila wasiwasi.

Kinywaji huagizwa kwanza, mara moja, kabla ya kuisoma menyu. Kila mtu chake. Wengi huanza na bia. Asiyekunywa aombe *ūron-cha*, chai ya oolong baridi, ambayo inakata mafuta ya kuku kuliko soda yoyote. Kukaa bila kinywaji hakukatazwi na sheria, ila mwenye mgahawa anaishi kwa faida ya vinywaji zaidi ya mishikaki, na utaliona usoni mwake.

Pamoja na kinywaji kitakuja kisahani kidogo: kabichi, figili, maharage mabichi, chochote. Kinaitwa *otoshi* na kitaingia kwenye bili, mara nyingi yeni 300 hadi 500 kwa kila mtu. Kichukulie kama kodi ya kiti. Kukirudisha ni kugombana bure. Fukuoka kuna bahati zaidi, utaletewa kabichi mbichi yenye siki, na mahali pengi wanakuongezea bila malipo.

Hatua ya 5: Mjue kuku wako

Hapa ndipo raha ilipo. Mgahawa mzuri humchambua kuku mmoja mpaka vipande ambavyo kwetu havina hata majina. Anza na hivi:

- *Momo*: paja, bila mfupa. Kipimo cha mgahawa. Kama momo ya chumvi haina utamu, maliza kinywaji chako uondoke.
- *Negima*: paja likipishana na vipande vya kitunguu cha majani kinene. Kitunguu kikiungua kidogo nje kinakuwa kama sukari ndani.
- *Tebasaki*: bawa. Lina mifupa, kula kwa mikono.
- *Kawa*: ngozi, hasa ya shingo, iliyokunjwakunjwa kijitini. Inataka moto wa taratibu na muda mrefu, iagize mapema. Ikija laini na kuteleza, wamekuharakishia.
- *Tsukune*: nyama ya kusaga iliyofinyangwa, mara nyingine ikiwa na gegedu ndani inayokatika menoni. Kila mgahawa una yake. Usiyekula nguruwe uliza kama wamechanganya. Ikiletwa na kiini cha yai bichi pembeni, ni cha kuchovya. Wajapani hula mayai mabichi kila siku, lakini hakuna anayekulazimisha.
- *Reba*: maini. Wao huyapenda yakiwa bado yana wekundu katikati.
- *Hatsu*: moyo. Mtamu kuliko watu wanavyodhani.
- *Sunagimo*, au *zuri* ukiwa Kyushu: firigisi. Ile ambayo kwetu watoto huitazama tu ikienda kwenye sahani ya baba au ya mgeni wa heshima, hapa ni miongoni mwa mishikaki ya bei ya chini, na kijiti kimoja kimebeba firigisi za kuku zaidi ya mmoja. Agiza miwili. Hakuna mzee atakayekuuliza.
- *Bonjiri*: kile kinyama cha mkiani, mafuta matupu. Kuku mmoja ana kimoja tu, kwa hiyo huisha mapema. Ndio mshikaki wangu.
- *Nankotsu*: gegedu. Kwa wenye meno.

Mboga na vingine visivyo nyama vipo pia: uyoga wa shiitake, biringanya, mayai ya kware, na *shishito*, pilipili ndogo za kijani zisizowasha, isipokuwa moja moja ambayo hukushtua.

Tahadhari moja ya kiafya. Kidari chembamba, *sasami*, hupendwa kikiwa kimeiva nje tu huku ndani kibichi, na mikoa ya Kagoshima na Miyazaki huwala kuku wabichi kabisa kama samaki. Kuku mbichi hubeba bakteria aina ya Campylobacter, ambaye ni kisababishi kikubwa cha maradhi ya chakula nchini humo. Sioni ujasiri wowote katika kuharisha ugenini. Sema *Yoku yaite kudasai*, nichomee vizuri, na utachomewa.

Hatua ya 6: Agiza kidogo, agiza tena

Jiko linabeba mishikaki michache kwa wakati mmoja na linahudumia kaunta nzima. Ukiagiza kumi kwa pamoja, ama utasubiri sana, ama itakuja yote na nusu itapoa mbele yako. Agiza mitatu au minne, kula, tazama menyu tena. Aina moja moja huhesabiwa hivi: *ippon* mmoja, *nihon* miwili, *sanbon* mitatu. Mahali pengine kila aina huanzia miwili. Imeandikwa kwenye menyu.

Sentensi kamili ni nyepesi: *Momo, shio de, nihon, onegaishimasu.* Paja, kwa chumvi, miwili, tafadhali. Badala ya *shio* weka *tare* ukitaka sosi. Usipotaja, utaulizwa. Ushauri wangu: tangulia na ya chumvi, na vipande visivyo na mafuta mengi, kisha uende kwenye sosi na mafuta. Maini na tsukune kwa sosi. Firigisi, ngozi na bonjiri kwa chumvi. Ukiona mambo mengi, sema *osusume wa?*, unanishauri nini, au omba *moriawase*, mchanganyiko wa mishikaki mitano hivi anaouchagua mwenyewe. Kumwita mhudumu ni *sumimasen*, kwa sauti ya kusikika. Kunong'ona hakusaidii.

Ukiwa unasubiri, tazama mikono ya mchomaji. Jiko halina wavu. Kuna nondo mbili tu, moja mbele moja nyuma, na mishikaki imelala juu yake hivi kwamba nyama inaning'inia hewani juu ya mkaa na vijiti vinabaki nje ya moto. Mkononi ana upepeo. Tone la mafuta likidondoka na ndimi za moto zikipanda, hazizimi kwa maji. Anasogeza mshikaki inchi moja pembeni, anapepea, anaurudisha. Anaugeuza, anaubonyeza kwa kidole, anaugeuza tena. Wenye uwezo hutumia binchotan, mkaa mgumu wa aina ya mwaloni unaotengenezwa sehemu kama mkoa wa Wakayama. Ukigonga vipande viwili vinalia kama chuma. Hauna moshi wala harufu, na unatoa joto kali kwa saa nyingi. Kwa hiyo moshi unaounusa pale si wa mkaa, ni wa mafuta ya kuku. Wengi wa mtaani hawaumudu, wanachanganya na mkaa wa vumbi la mbao, na kwa mkono mzuri tofauti ni ndogo kuliko wauzaji wanavyodai.

Hatua ya 7: Kula

Mshikaki ukifika, kula. Simu baadaye. Picha ya sahani yako ni ruhusa. Picha ya mchomaji au ya wateja, omba kwanza.

Ng'ata kutoka kijitini. Vipande vya juu ni rahisi. Vya chini, geuza kijiti kikae ubavu mdomoni, uvute taratibu. Usijichome koo kwa kuingiza ncha moja kwa moja. Kuzivua nyama zote kwenye sahani ili mgawane ni jambo ambalo Wajapani wenyewe hubishania: mezani na wafanyakazi wenzio utaliona, lakini kwenye kaunta, mbele ya aliyezichoma, afadhali uache. Nyama iliyovuliwa inapoa na kutoa maji. Mkitaka kuonja kila kitu, agizeni aina nyingi, kila mtu mshikaki wake.

Onja kabla ya kuongeza kitu. Mezani kuna *shichimi*, mchanganyiko wa viungo saba wenye pilipili. Kwa aliyezoea pilipili mbuzi ni kama unga wa mapambo. Kinachowasha kweli ni *yuzu kosho*, rojo la pilipili na ganda la aina ya limau ya kwao. Chukua kiasi cha punje ya mchele. Vijiti vitupu weka kwenye kikombe kilichosimama mezani.

Wanga huja mwisho. Mtu mzima hushiba kwa mishikaki minane mpaka kumi, na kama bado, omba *yaki onigiri*, tonge la wali lililopakwa sosi ya soya na kuchomwa mpaka likawa na ukoko. Mahali pengi kuna pia supu ya mifupa ya kuku. Iombe hata ukiwa umeshiba.

Hatua ya 8: Lipa, nenda nyumbani

Watu wakiwa wanasubiri mlangoni na glasi yako ni tupu, ni wakati wa kuondoka. Kukaa kwa muda wa saa mbili kunatosha, na migahawa mingine huweka kikomo hicho rasmi. Sema *okaikei onegaishimasu*. Kuwa na noti mfukoni, maana mingi ya midogo haipokei kadi. Menyu mara nyingi ina bei mbili, na ndogo ni kabla ya kodi ya asilimia 10, kwa hiyo usidhani umeibiwa. Bakshishi hakuna. Ukiacha sarafu mezani, mhudumu atakukimbilia barabarani kukurudishia. Ukitoka, mwambie mchomaji *gochisōsama deshita*. Atajibu hata kama mikono yake iko motoni.

Treni za mwisho ni karibu saa sita usiku, na wanafunzi wengi huja kwa baiskeli. Hapa sikiliza: tangu Novemba 2024 kuendesha baiskeli ukiwa na pombe mwilini kunaweza kukupa kifungo cha hadi miaka 3 au faini ya hadi yeni 500,000, na aliyekupa kinywaji akijua utaendesha naye yumo hatiani. Ukishakunywa, hata bia moja, isukume kwa miguu mpaka nyumbani, au iache stesheni uifuate asubuhi.